Miaka 12 ya Gidamis Shahanga

Tarehe 30 Septemba 1990, siku tatu kabla Ujerumani mbili hazijawa nchi moja, mbio za marathoni za Berlin zilipita kwa mara ya kwanza katika Lango la Brandenburg, zikiunganisha pande mbili za mji uliokuwa umetenganishwa kwa ukuta. Aliyemaliza wa pili siku hiyo alikuwa Mtanzania wa miaka 33, mtoto wa Katesh, wilayani Hanang. Alitumia saa 2:08:32, sekunde 16 tu nyuma ya Steve Moneghetti wa Australia. Mwaka huohuo alikuwa ameshinda marathoni ya Vienna kwa saa 2:09:28. Jina lake ni Gidamis Shahanga.

Nimeanza na Berlin kwa makusudi, maana hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa. Shahanga akitajwa redioni au kwenye sherehe za kitaifa, hutajwa kwa medali ya dhahabu ya Edmonton mwaka 1978. Wanaomfahamu zaidi huongeza ile ya Brisbane mwaka 1982. Baada ya hapo masimulizi hukatika, kana kwamba mtu huyo alishuka jukwaani, akavua viatu na kurudi machungani. Kumbe kati ya Edmonton na Berlin ipo miaka 12 ya kazi ngumu, yenye ushindi, kushindwa, kusafiri, kuumia na kuanza upya. Na muda wake bora kabisa katika marathoni aliupata mwishoni mwa safari hiyo, si mwanzoni.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama leo. Wilaya za Mbulu na Hanang zimetoa wanariadha walioishi maisha kamili ya kazi, nasi tumebaki tunakumbuka siku zao mbili tatu. Tumezoea kuona riadha kama bahati inayomshukia mtu asubuhi moja ugenini. Kwa kuwa hatukuiona kama kazi, hatukuijengea yale ambayo kila kazi inahitaji: mafunzo, mwajiri, kumbukumbu, na nafasi ya kumpokea mtu nguvu zinapopungua.

Tuyatazame maisha hayo kwa utaratibu. Shahanga alizaliwa Katesh Septemba 1957, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wakati huo hakukuwa na Mkoa wa Manyara. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2002, kwa hiyo magazeti ya enzi zake yalimwita mtu wa Arusha, na mpaka leo sifa zake nyingi zimebaki Arusha. Agosti 1978 alifika Edmonton, Canada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akiwa hajatimiza miaka 21. Mwenyeji aliyetegemewa kushinda marathoni alikuwa Jerome Drayton, Mkanada aliyekuwa ameshinda Boston mwaka uliotangulia na Fukuoka mara tatu. Shahanga alimaliza kwa saa 2:15:39 na kumwacha Drayton kwa zaidi ya nusu dakika. Kijana wa umri huo kushinda marathoni ni jambo adimu, kwa sababu mbio hizo kwa kawaida humtaka mtu aliyekwisha kukomaa mwili na akili.

Baada ya Edmonton alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Chuo hicho kilitawala mbio za nyika za vyuo vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilifanya hivyo kwa miguu ya vijana wengi wa Afrika, akiwamo Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma. Wamarekani walikuwa na macho ya kuona kilichopo Hanang na Musoma. Walileta tiketi, kitanda, kocha na kalenda ya mashindano, wakapata makombe yao. Siwalaumu. Ninachojiuliza ni kwa nini hadi leo tunafikiri mambo hayo manne ni anasa.

Mwaka 1980 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Moscow. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, akafanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko Edmonton. Alishinda mita 10,000, huku Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akimaliza wa pili nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Dhahabu na fedha kwa nchi moja, katika mbio za mizunguko 25! Siku chache baadaye akaingia tena barabarani kwa marathoni. Yeye na Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, waliongoza kwa kasi iliyowatia hofu watazamaji, kasi ya kuvunja rekodi ya dunia. Robert de Castella, akiwa kwao Australia, aliwafuata kwa subira na kumpata Ikangaa kilomita za mwisho. De Castella alishinda kwa 2:09:18, Ikangaa akaja kwa 2:09:30. Shahanga, aliyekuwa na mita 10,000 za dhahabu miguuni, alimaliza wa sita. Wapo wanaouita uamuzi ule ujinga. Mimi naona mtu aliyeijua kazi yake na aliyekuwa tayari kulipa gharama ya kuijaribu hadi mwisho.

Mwaka 1983 Helsinki iliandaa Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa mara ya kwanza. Kwenye mita 10,000, Alberto Cova wa Italia alichomoka mita za mwisho na kutwaa ubingwa. Watu watano wa kwanza walipishana kwa chini ya sekunde moja. Wa tano alikuwa Shahanga. Sekunde moja katika dakika 28 ndiyo iliyomtenganisha mtu wa Hanang na ubingwa wa dunia, na sidhani kama kuna darasa hata moja katika shule zetu ambako mtoto ameambiwa hivyo. Mwaka 1984 alishinda marathoni ya Rotterdam kwa 2:11:12, na kiangazi hicho akakimbia Olimpiki ya Los Angeles. Kisha ikaja Vienna, ikaja Berlin.

Kabla yake alikuwapo mzee wa Mbulu, ambaye dunia nzima inamfahamu. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938, na tarehe 20 Oktoba 1968 alisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye msongamano wa wakimbiaji waliokuwa wakigombea nafasi alianguka, akaumia vibaya goti na kujigonga bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa nzima na zaidi baadaye, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia, watazamaji wengi wameondoka. Alitumia saa 3:25:27. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza, yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu lile limezunguka dunia. Mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, alilifikisha mbali. Makocha, wahubiri na wauza mafunzo ya uongozi wanalitumia kila bara. Tanzania ilimpa Mzee Akhwari nishani ya ushujaa mwaka 1983, na mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliotukuzwa. Yote hayo ni haki yake. Lakini sikilizeni jambo moja. Mwaka 1970, miaka miwili baada ya Mexico, goti likiwa limepona, Akhwari alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola na kumaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2:15:05. Aliyeshinda siku hiyo, Mwingereza Ron Hill, alikimbia kwa kasi ambayo watu wachache sana duniani walikuwa wameifikia. Kumaliza wa tano katika kundi lile kulimweka Akhwari kati ya wakimbiaji hodari wa zama zake. Muda huo ni karibu saa moja na dakika kumi pungufu ya ule wa Mexico.

Nani anaizungumzia Edinburgh? Dunia ilipenda kumwona akichechemea, ikamweka hapo. Ugeni wa dunia naweza kuuelewa. Nisichoelewa ni sisi, watu wa kwao, kuipokea picha hiyo bila kuongeza neno. Tumemfanya Mzee Akhwari alama ya uvumilivu na kumnyima sifa ya msingi, kwamba alikuwa mkimbiaji mzuri sana. Mtoto wa Dongobesh anayejifunza kwamba shujaa wake alimaliza wa mwisho kwa heshima, anajifunza jambo jema. Angejifunza pia kwamba shujaa huyo alimaliza wa tano Edinburgh, angejua kuwa watu wa kwao huenda ugenini kushindana, na hawaendi kustahimili tu.

Kuna maelezo mengine yanayotupunguzia sifa wanariadha hawa, nayo husemwa kwa nia njema kabisa. Ni yale ya asili: eti Mbulu na Hanang ni juu, hewa ni nyepesi, watoto wanatembea umbali mrefu kwenda shule, Wairaqw na Wadatoga wamezaliwa na miguu ya mbio. Kama mwinuko ungetosha, Njombe na Makete wangejaza majukwaa. Kama kutembea kwenda shule kungetosha, nusu ya nchi hii ingekuwa na medali. Hewa nyepesi inasaidia, hilo halina ubishi, ila haimwamshi mtu saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa miaka 12. Haimfundishi kugawa nguvu zake katika mizunguko 25. Kilichotokea ukanda huu ni watu kuona watu. Akhwari alikwenda Mexico. Akafuata Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Februari 1974 aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch kutoka mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Baada ya Bayi, kijana wa Katesh hakuhitaji kuota. Alihitaji kufanya hesabu tu.

Sasa naomba msomaji anivumilie tutoke Hanang kidogo, twende kusini magharibi mwa Ufaransa, kwenye mji wa pwani wa Biarritz. Mwaka mmoja baada ya Shahanga kuzaliwa, alizaliwa Caracas, Venezuela, mtoto aliyeitwa Serge Blanco. Baba yake Mvenezuela alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, na mama yake, Mfaransa wa Kibaski, akarudi naye Biarritz. Mtoto yule mweusi wa ngozi katika mji mdogo wa wazungu alikuja kuwa mchezaji raga anayependwa kuliko wengi katika historia ya Ufaransa. Aliichezea timu ya taifa kuanzia 1980 hadi 1991, karibu miaka ileile ya Shahanga.

Namtaja Blanco kwa sababu ya kitu kimoja: kila hatua ya maisha yake ya uwanjani imeandikwa. Mtoto yeyote wa Ufaransa anayependa raga anaweza kukwambia kwamba alicheza mechi 93 za taifa na kufunga trai 38. Atakusimulia ile ya mwaka 1987 mjini Sydney, nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, alipojirusha kwenye kona dakika za mwisho na kuitoa Australia 30 kwa 24. Atajua pia kwamba hakuwahi kuihama klabu ya mji wake, na kwamba mechi yake ya mwisho, fainali ya ubingwa wa Ufaransa mwaka 1992 dhidi ya Toulon, alipoteza. Kushindwa kwake kumehifadhiwa kwa heshima ileile ya ushindi wake.

Mtu atasema raga ina fedha. Siku hizi, ndiyo. Lakini raga ilikuwa mchezo wa ridhaa mpaka Agosti 1995, na Blanco alikuwa amekwisha kustaafu. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndege cha Dassault. Wote wawili, yeye na Shahanga, walikimbia katika zama ambazo sheria zilikataza au kubana malipo. Tofauti yao ilikuwa kile kilichowazunguka. Blanco alikuwa na klabu ambayo mlango wake uko mtaa wa pili kutoka nyumbani, yenye timu za watoto, wazee wa kamati, mwandishi wa gazeti la mkoa anayekuja kila Jumamosi, na wafanyabiashara wa mji wanaoona fahari kuisaidia. Alipostaafu alifanya biashara ya hoteli na nguo zenye jina lake, na mwaka 1998 akawa rais wa kwanza wa chombo kinachoendesha ligi ya raga ya kulipwa ya nchi hiyo. Kazi yake haikuisha, ilibadilika. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, lakini sharti kwao pawepo uwanja wa kuchezea.

Biarritz si jiji kubwa. Ni mji wa watu wasiozidi 30,000. Raga ya Ufaransa imebebwa kwa zaidi ya karne moja na miji ya namna hiyo na vijiji vya wakulima, watu wa mahindi, ng'ombe na mizabibu, wanaochangishana fedha za kununua jezi. Siwatajii Paris. Nawatajia mahali panapofanana na Katesh, Haydom na Basotu kwa idadi ya watu na kwa shughuli zao.

Na kuna uzi mwingine unaoifunga raga na Mbulu, uzi unaouma. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilifanya ziara Afrika Kusini, katika wiki zilezile ambazo watoto wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi na polisi wa makaburu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Ilipokataliwa, zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilisusia. Filbert Bayi alikuwa na miaka 23. Dunia ilikuwa ikisubiri kumwona akipambana na John Walker wa New Zealand, mtu aliyekuwa amemnyang'anya rekodi ya maili mwaka uliotangulia. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500. Bayi hakuwapo.

Naunga mkono uamuzi ule bila kigugumizi, na ningeuunga mkono tena kesho. Nchi iliyokuwa inawahifadhi wapigania uhuru kambini Kongwa isingeweza kukimbia pamoja na washirika wa ubaguzi. Lakini uamuzi wa taifa una mlipaji wake, na safari hiyo mlipaji alikuwa mwanariadha. Miaka minne baadaye, Novemba 1980, Blanco alivaa jezi ya Ufaransa kwa mara ya kwanza. Mechi ilichezwa Pretoria, dhidi ya timu ya makaburu. Ufaransa ilifungwa 37 kwa 15, naye akaanza kuhesabiwa mechi zake 93. Mwaka huohuo Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kutushawishi tususie Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye, na Tanzania ikaenda. Bayi alirudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui na fedha ya mita 5,000. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo.

Taifa lililowaomba watu wake wakae nyumbani kwa ajili ya heshima ya Afrika lina deni kwao. Silizungumzii kama fadhila wala zawadi ya sikukuu. Deni hilo lingelipwa kwa kuhakikisha kwamba vizazi vinavyofuata kutoka ardhi ileile vinapata njia. Tulifanya kinyume. Zamani njia ilikuwapo, hata kama ilikuwa nyembamba: mtoto alionekana kwenye mashindano ya shule za msingi, akaendelea hadi sekondari, akachukuliwa na timu za Jeshi, Polisi au Magereza, akapata mshahara, chakula na kocha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha mashindano ya michezo shuleni kwa hoja kwamba yanapoteza muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, na leo UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zipo, lakini mnyororo ukishakatika miaka kadhaa haurudi kwa waraka. Walimu waliojua kupima mzunguko wa uwanja kwa kamba na kuandika muda wa kila mtoto kwenye daftari walikuwa wamestaafu. Viwanja vilikuwa vimejengwa madarasa.

Ajabu ni kwamba watu bado wanatoka. Gabriel Geay, mwana wa Manyara, alikimbia Valencia Desemba 2022 kwa saa 2:03:00 na kumaliza wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum wa Kenya; Aprili 2023 akawa wa pili Boston, akimwacha nyuma hata Eliud Kipchoge. Jirani zetu wa Singida wametupa Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, aliyepata shaba ya dunia London mwaka 2017 na kisha, Septemba 2025 mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa kifua tu, sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia, miaka 42 baada ya Shahanga kuikosa kwa chini ya sekunde moja Helsinki. Nilisoma pongezi nyingi siku ile. Sikuona hata moja iliyomtaja Shahanga.

Tazameni pia wanawake. Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, katika mbio zilezile ambazo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia. Historia yetu ya riadha imeandikwa, pale ilipoandikwa, kwa majina ya wanaume. Msichana wa Mbulu anayekimbia vizuri akiwa darasa la saba hana mtu wa kumwambia kwamba miguu hiyo inaweza kumsomesha. Mvulana angalau atasikia habari za Jeshi. Msichana mara nyingi atasikia habari za posa.

Ninaposema riadha ni kazi, nina maana ya mambo ya kawaida kabisa. Kazi ina mkataba unaosomwa na mtu anayeujua kabla ya kusainiwa. Vijana wetu wengi wanakutana na mawakala wa nje wakiwa peke yao, na asilimia anayochukua wakala wanaijua baada ya mbio. Kazi ina akiba ya uzeeni. Mkimbiaji wa marathoni ana miaka kumi, pengine 12, ya kupata fedha, na mwili wake humwambia mapema kwamba saa zimekwisha. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuingizwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii tangu zawadi ya kwanza, hata kama ni kwa mchango wa hiari. Kazi ina pia watu waliotangulia wanaowafundisha wanaoingia. Bayi amejenga shule Kibaha na Nyambui amekuwa kocha na kiongozi. Mbulu na Hanang wapo wanaume na wanawake waliokimbia kimataifa ambao leo wanalima na kufuga, na hakuna ofisi iliyowahi kuwaita kwa mshahara wafundishe watoto wa kata yao. Kilimo na ufugaji ni kazi za heshima. Lakini ujuzi wa kukimbia mita 10,000 kwa dakika 28 haupatikani kwingine, na tunauacha uzeeke shambani.

Halafu ipo kumbukumbu. Nenda Babati, makao makuu ya mkoa, uone Uwanja wa Kwaraa. Nenda Katesh, nenda Mbulu mjini. Mkoa huu ungeweza kuwa na chumba kimoja tu, ndani ya maktaba au shule, chenye picha, namba za kifuani, viatu, muda wa kila mbio na sauti za wazee zilizorekodiwa. Sauti hizo ni za haraka kuliko kitu kingine chochote ninachokisema hapa. Akhwari alizaliwa 1938. Waliokimbia miaka ya 1970 wamevuka 65. Vyuo vyetu vya uandishi wa habari vina wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo. Wapewe simu na nauli, waende vijijini, wakakae na wazee hawa siku nzima nzima, waulize kuhusu Edinburgh, Rotterdam na Helsinki, si Mexico peke yake. Waulize walikula nini, walifundishwa na nani, walilala wapi, waliporudi nyumbani walipokewaje.

Najua jibu la halmashauri, maana nimelisikia mara nyingi kuhusu mambo mengine: fedha hakuna, na zilizopo zina kazi ya madarasa, dawa na barabara. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yaliyoua watu wengi Katesh na vijiji vya jirani, sitathubutu kusema Hanang haina mahitaji makubwa kuliko riadha. Wengine hunielekeza kwenye asilimia nne ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya vijana. Ile ni mikopo. Mkopo unanunua bodaboda na mashine ya kukamua alizeti. Haumwajiri kocha, kwa sababu kocha hana marejesho ya mwezi wa tatu.

Ninachoomba ni kidogo kuliko bei ya gari moja la mkurugenzi. Wilaya hizi mbili zina halmashauri tatu: Hanang, Mbulu Vijijini na Mbulu Mji. Kila moja iajiri kocha mmoja wa riadha, aliyewahi kukimbia, mwenye barua ya ajira na pikipiki, kazi yake iwe kuzunguka shule zote za kata na kuandika muda wa kila mtoto kwenye daftari linalobaki ofisini hata yeye akihama. Pawepo uwanja mmoja wa udongo wa mita 400 uliopimwa sawasawa Katesh na mwingine Mbulu mjini, na mbio za nyika za wilaya kila mwaka kwa tarehe isiyobadilika, wasichana na wavulana kwa zawadi sawa. Mbio hizo zipewe majina ya Shahanga na Akhwari, na wazee hawa, au watu wa familia zao, wawe wageni rasmi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mabaraza ya madiwani hukaa kupitisha makisio miezi kadhaa kabla. Muda wa kulipeleka jambo hili kwenye kikao upo, na diwani wa kulisimamia anaweza kutoka kata yoyote kati ya Haydom na Endasak.